Kuvu Iliyonyamaza

Tarehe 9 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zangu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute na afya njema na moyo uliotulia. Sisi huku hatujambo kwa kadiri ya umri wetu, na tunamshukuru Mungu kwa yaliyosalia. Kabla sijaendelea naomba radhi. Barua yako ya kabla ya mwaka mpya niliipokea, nikaiweka chini ya kitambaa cha meza ili niijibu siku nitakayokuwa na utulivu, na utulivu wenyewe haukuja. Walimu wetu wa misheni walitufundisha kwamba barua isiyojibiwa ni mgeni aliyeachwa amesimama mlangoni. Nimekuacha mlangoni muda mrefu, mwanangu. Karibu ndani, unisamehe.

Kuku wa mama yako wanataga vizuri, isipokuwa yule mweupe, ambaye mama yako asema anakula kama meneja na kufanya kazi kama meneja. Paa la jikoni limeacha kuvuja baada ya fundi kuja kwa mara ya tatu. Jirani yetu mshonaji amehamishia cherehani yake barazani, na tangu hapo hakuna siri ya mtaa isiyopita dirishani kwetu. Kiti cha marehemu mke wangu nimekitengeneza mguu. Mama yako ndiye anayekikalia siku hizi, na mimi nafurahi kuona kina mtu.

Sasa nilifikie neno lenyewe, nikikusihi ukae kwanza kama umesimama. Mama yako ana uvimbe kifuani, upande wa kushoto. Aliuficha kwa muda, kama afichavyo kila kinachomuuma, mpaka nilipomwona anavaa gauni kwa mkono mmoja. Nilipomuuliza alisema mkono mwingine umechoka kumsikiliza. Nilimpeleka hospitali ile niliyoitumikia. Daktari ni binti kijana, mpole, ila hazunguki. Alichukua kipimo kwa sindano, na tuliporudi akatuambia kuwa ni saratani, kwamba kwa kadiri aonavyo haijasambaa, na kwamba ikikatwa mapema kuna matumaini makubwa. Amempangia kupasuliwa mwishoni mwa Machi.

Mama yako hakusema ndiyo wala hapana. Tulipofika nyumbani alisema hivi: "Kwani mwanangu kule hatafuti dawa ya hiki hiki? Muulize kwanza."

Najua kwamba unatafuta ndani ya kuvu ya baharini kitu cha kuzuia saratani, lakini nikiulizwa zaidi ya hapo naumauma maneno. Mama yako mwenyewe huwaambia watu kwamba yeye mkate ukiota ukungu huutupa, na mwanawe akiuona ukungu huutafutia kitanda. Kwa hiyo nakuomba, kwa maneno mepesi, utuandikie kazi hiyo ni ya namna gani, imefika wapi, na unamshauri nini mama yako. Macho yake hayasomi tena maandishi, kama ujuavyo, basi nitamsomea mimi. Kuzungumza haya kwa simu amekataa. Asema ugonjwa si bei ya sabuni hata mtu autangaze kwa sauti pale dirishani, mahali pekee nyumbani penye mtandao. Mimi nami kwa simu husikia nusu tu, na nusu hiyo huwa ile isiyo na maana.

Uniwie radhi kwa kukutwisha mzigo huu juu ya kazi zako.

Mimi mjomba wako akupendaye.


Tarehe 1 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mfikishie na mama shikamoo yangu. Barua yako niliisoma nimesimama, kwenye korido ya maabara, glavu bado mkononi, kisha ndipo nikaona umeniambia nikae. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Kila nilipoanza niliishia kwenye salamu.

Mimi sijambo. Chumba changu ni kilekile, dirisha linatazama ukuta, na ukuta haujabadilika. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Kizibo kwa sababu hupoteza vizibo vya chupa zote, anamwombea mama.

Umeniomba maneno mepesi. Tunakusanya vipande vya mbao zilizozama, sifongo, na tope la chini ya bahari. Juu ya vitu hivyo huishi kuvu, ndugu wa mbali wa ule ukungu wa mkate. Kuvu ya baharini haina miguu ya kukimbia wala meno ya kuuma, na imezungukwa na viumbe wanaotaka nafasi yake, basi inajilinda kwa sumu. Sisi tunaikuza kwenye visahani, katika maji ya chumvi na jeli ya mwani, kisha tunaikamua, tunatenganisha kilichomo kimoja kimoja, na kila kimoja tunakidondosha juu ya seli za saratani. Mara nyingi hakuna kinachokufa. Mara nyingine kinakufa kila kitu, na sumu inayoua kila kitu si dawa.

Mwaka jana nilipata moja, kwenye kipande cha ubao kisichozidi kidole gumba. Ni ya kijivu, ukingo wake kijani. Ilichotoa kiliua seli za saratani na kuziacha hai nyingi kati ya zile nzima. Profesa wetu alitazama kwenye hadubini, kisha akasema, "Rudia." Kwake hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa. Nilirudia. Ni kweli, mjomba, inaua.

Sasa haya yanayofuata msomee mama kama yalivyo. Nilicho nacho si dawa, ni tone kwenye kitako cha chupa. Kutoka hapa mpaka kwa mgonjwa kuna majaribio kwa wanyama, majaribio kwa watu, na miaka inayoweza kufika kumi au kumi na tano, na vingi vinavyoanza safari hiyo hufia njiani. Haitamfikia mama. Asiingoje. Uvimbe ukiwa mdogo, kisu kinauweza. Ukikua, kisu hakiuwezi, wala mimi siuwezi. Aende akapasuliwe Machi hii hii.

Ningekuja mwenyewe, lakini kuvu hii ni yangu peke yangu kuitunza. Lazima ihamishiwe kwenye chakula kipya kila mara, na Profesa hamwamini Kizibo. Likizo yangu ni Agosti. Mwambie mama namwona kila nikifumba macho, na kwamba ukungu wangu una kitanda kizuri kuliko changu.

Mpwa wako.


Tarehe 4 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa unyenyekevu, nikijua kwamba ndugu yako huyu mzee amekukosea tena kwa ukimya. Barua yako nzuri ilifika salama, nami ningepaswa kukujibu wino wake ungali mbichi. Mvua zilikuwa nyingi, njia ya posta ikawa tope, na mimi goti langu la kulia haliafikiani na tope. Lakini hayo ni maelezo, si udhuru. Niwie radhi.

Barua yako ilisomwa. Mama yako alivaa gauni la kutokea ili aisikilize, akakaa wima kwenye kile kiti kama mtu aliyealikwa. Ile habari ya kuvu ya kijivu yenye ukingo wa kijani alitaka niirudie, nami nikairudia, na asubuhi yake mtaa mzima ulikuwa nayo. Nilimsikia akimwambia mshonaji dirishani, "Mwanangu ameiona dawa. Ilikuwa kwenye kigogo."

Mshonaji hakuinua uso kwenye cherehani. "Basi nami nitazame chini ya kitanda changu," alisema. "Pale pana ukungu wa kuwatibu ninyi nyote na deni la kodi likaisha."

Walicheka mpaka kuku wakatawanyika. Kisha mama yako akamwagiza gauni la kijivu lenye pindo la kijani. Limekwisha kushonwa, na linampendeza. Kwapa la kushoto lilibidi liachwe pana kidogo, kwa raha ya mkono.

Kuhusu hospitali, mambo yanakwenda taratibu. Mama yako anajitunza. Anakula, analala, na mkono unamsumbua asubuhi zaidi kuliko jioni. Ile tarehe ya Machi ilikutana na mvua hizo nilizokutajia, na pia yeye mwenyewe ana mawazo yake, ambayo mimi nayaheshimu. Tutaonana na daktari nafasi itakapopatikana. Usiwe na wasiwasi uliopita kiasi.

Je, kuvu yako inaendeleaje? Mama yako huniuliza kila tukimaliza kula, kana kwamba mimi ndiye niliyeilaza. Nitashukuru ukinipa cha kumjibu.

Mungu akuzidishie subira kwa mjomba asiyestahili.


Tarehe 19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ina mvua, goti, kuku, mshonaji na pindo. Haina jibu. Mama amepasuliwa au hajapasuliwa?

Nilimpigia simu Jumapili. Aliniambia, "Usijali, nimepangiwa," na nilipouliza amepangiwa lini akanieleza habari za kuku mweupe mpaka mtandao ukakatika. Nilipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Namjua mama yangu. Ninyi wawili mnanificha jambo, na mnalificha kwa adabu, ndiyo maana naogopa zaidi.

Na mimi nina la kusema ambalo nilikuwa nalikwepa. Kuvu imenyamaza. Tangu Aprili, nikiikamua napata maji ya rangi tu. Seli za saratani zinaogelea ndani yake na kuongezeka. Iko hai, imenenepa, inajaza kisahani haraka kuliko zamani, lakini ile sumu imeacha kuitoa. Profesa asema ni kosa letu la upole. Tumeilisha vizuri mno, hakuna anayeigombania nafasi, basi imeona hakuna haja ya silaha. Nilisoma mambo haya darasani na bado nikaishibisha, kwa sababu nilitaka ikue haraka.

Kwa hiyo hata kama mama angekuwa anangoja kitu kutoka kwangu, na naomba Mungu asiwe anangoja, hakuna kitu. Nijibu kwa neno moja, mjomba. Salamu utanipa siku nyingine.

Mpwa wako.


Tarehe 30 Mei

Hajapasuliwa.

Umeomba neno moja, nami nimelitanguliza mbele ya salamu, jambo ambalo sijapata kulifanya tangu niliposhikishwa kalamu. Sasa niruhusu nikusalimu, mpwa wangu, na nikuombe radhi, ingawa radhi ninayoiomba leo si ya kuchelewa.

Unajua kazi niliyoifanya miaka yote ile. Niliajiriwa na hospitali ya misheni kuwa mkalimani wa wodi, nikasimama kati ya madaktari waliotoka mbali na wagonjwa wetu. Daktari alisema maneno matatu, mimi nikasema thelathini. Siku moja mmoja wao aliniuliza kwa nini yake huwa mafupi na yangu marefu. Nikamjibu, "Daktari, wewe umesema ugonjwa. Mimi nimesema na mgonjwa." Alicheka, na wodi ikanipa jina la Bwana Pole, kwa kuwa neno hilo lilitangulia kila nililosema. Nililibeba jina hilo kama nishani. Niliamini, na nusu yangu bado inaamini, kwamba neno zito halimwagwi juu ya mtu kama ndoo ya maji. Linateremshwa kijiko kwa kijiko.

Barua yako ya Machi niliisoma hivyo. Sehemu ya mbao na visahani niliisoma yote, bila kuacha hata nukta. Nilipofika pale ulipoandika "haya msomee mama kama yalivyo," nilimtazama. Alikuwa ameegemea mbele, mkono wake mzima umeshika ukingo wa kiti, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu baba yako alipofariki. Nikasema, "Mwanao asema kazi hii ni ndefu, yataka uvumilivu, ila matumaini yapo. Asema pia uwasikilize madaktari." Nikaikunja barua. Iliandikwa kwa lugha yetu wenyewe, mwanangu, na mimi nikaitafsiri.

Akasema, "Basi kama matumaini yapo nitaingoja ya mwanangu. Kwa nini nikatwe na mgeni?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi. Nikamwuliza kama angependa chai. Tarehe ya hospitali ilipofika alikuwa amekaa barazani na mshonaji anapimwa gauni, nami nikajiambia nitamwambia kesho, na kesho yake nikajiambia vivyo hivyo. Kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na kwa nini sikusema jana.

Barua yako ya Mei iliponifikia nilichukua zote mbili nikaenda nikaketi mbele yake. Nilimwambia kwamba ile ya Machi sikumsomea sawasawa, na kwamba nitamsomea upya. Nilisoma kama ulivyoandika. Haitamfikia. Asiingoje. Kisu na uvimbe. Kisha nikasoma ile ya pili. Hakuna neno nililoliacha.

Hakulia. Cherehani ya jirani ikiendelea, akasema, "Kaka, umenifunika blanketi mpaka usoni. Waliofunikwa hivyo mimi nawajua."

Nikasema pole. Aliniangalia, na kwa namna yake akanicheka. Halafu akauliza habari za kuvu, ni kweli imeacha kazi kwa sababu ya shibe? Nikasema ndivyo ulivyoandika. "Hata huko baharini kumbe mameneja wapo," alisema. "Mwambie aache kuidekeza. Na wewe uache kunidekeza mimi. Nipeleke hospitali."

Tulikwenda siku ya pili. Daktari yule kijana hakutugombeza, na afadhali angetugombeza. Alimpapasa kifuani, akapanda kwapani, akapanda shingoni, na hapo vidole vyake vikasimama. Ameagiza picha na vipimo. Majibu bado. Mama yako amelazwa, kitanda cha karibu na dirisha, na tayari ameshamfahamu kila mtu wa wodi hiyo.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sijayatia sukari.

Mjomba wako.


Tarehe 8 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma.

Nilitaka nikukasirikie. Nilishinda siku nzima najaribu, nikivunja vitu, mpaka Kizibo akaniondolea visahani mezani. Lakini kabla ya ile simu ya Mei nilipiga nyingine Aprili, mjomba. Mama akanipa habari za kuku nami nikazipokea, kwa sababu zilinifaa. Binti anayeitazama saratani kwa hadubini kutwa nzima hakuuliza mara ya pili. Kwa hiyo hasira sijui niiweke kwa nani.

Nitakuandikia habari za kuvu, maana hizo naweza kuziandika bila kusimama. Tumeiwekea adui. Kulikuwa na bakteria aliyeishi kwenye ubao uleule, nikampanda upande wa pili wa kisahani. Jana kati yao pametokea ukanda mtupu, ambamo hakuna kinachoota. Huenda inaanza kutoa tena. Huenda si kitu. Profesa anataka nisiondoke mpaka tujue, na asema wiki hizi ndizo zitakazoamua kama mradi huu utaendelea au utafungwa.

Majibu ya mama yakitoka, nieleze kama yalivyo. Nitakuja Agosti kama nilivyoahidi, au mapema zaidi ukiniambia. Nitaamini neno lako.

Mpwa wako.


Tarehe 17 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Nakusalimu, na leo sina ucheleweshaji wa kuuombea radhi. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la korido ya hospitali, majibu nimeyasikia muda si mrefu, kwa hiyo uusamehe mwandiko.

Usingoje Agosti. Mama yako anakufa. Imefika shingoni, kwenye mapafu na kwenye ini. Kupasua hakutasaidia tena. Daktari asema ni suala la wiki, na hakutaka kuzihesabu mbele yake, lakini mimi nilimfuata nje nikamwuliza, akasema tusitazamie nyingi. Pumzi yake ni fupi. Akili ni nzima. Ulimi, kama utakavyoona, ni mzima zaidi.

Wakati daktari akimweleza, mama yako aliniita nikae kwenye kiti kati yao. Nilidhani anataka nimlainishie. Akaniambia, "Kaa hapo, na usiseme kitu." Basi nilikaa nikiwa sina kazi, na nikasikia jinsi neno linavyosikika likitoka kwa mwenye kulisema na kumfikia mwenye kuambiwa. Aliyapokea. Yalimwinamisha kidogo, kisha akainuka.

Asubuhi ya leo daktari alikuwa ametoa tezi moja shingoni kwa ajili ya kipimo kimoja zaidi. Mama yako akamwuliza, hawa kina mwanangu, hizo sumu zao wanazijaribu juu ya nini? Daktari akamweleza kwamba ni juu ya seli za wagonjwa waliofariki zamani, ambazo huendelea kukua kwenye chupa za maabara.

"Watu wasiojulikana?"

"Wasiojulikana, mama."

"Basi ichukueni hii yangu. Angalau kule kuna mtu anayenijua."

Daktari alimwambia kwa upole kwamba jambo hilo halitamsaidia yeye. Mama yako akamjibu, "Nimeshaambiwa hivyo, tena na kaka yangu, kwa hiyo lazima ni kweli." Kisha akanigeukia, na haya aliniagiza nikuandikie bila kupunguza: "Mwambie dawa yake imeshindwa kunifikia, basi mimi nitaifikia. Lakini yeye asiipokee. Yeye aje."

Daktari amezungumza kwa simu na Profesa wako na idhini imetiwa saini, kwa mkono wa mama yako mwenyewe, herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Nusu ya tezi ile imebaki hapa kwa kipimo. Nusu ya pili imewekwa kwenye kichupa, na kichupa kwenye sanduku la barafu. Profesa ameahidi kuipokea na kuishughulikia yeye, wewe usiiguse. Kuhusu kuvu yako na ule ukanda mtupu, nilimsomea mama yako yote. Alifurahi kwamba imepata wa kugombana naye. Hilo pia aliniagiza nikuambie, na asema Kizibo ataweza kuihamisha, kwa kuwa hakuna aliyepata kuwa mwaminifu kabla ya kuaminiwa.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Nafasi ni ndogo, na haraka ni yako.

Barua hii inaletwa na dereva wa gari la damu la hospitali, mtu mrefu mwenye koti la buluu. Nimemsihi akutafute wewe kwanza, akukabidhi bahasha mkononi, ndipo apeleke sanduku ndani kwa Profesa. Gari linarudi huku tupu leo hii hii. Kiti cha mbele hakina mtu, na amekubali kukungoja langoni.